Neno “run” na maana zake mia sita na ushei

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni karani katika kampuni ya mabasi, na mojawapo ya kazi zangu ni kuyatia katika Kiswahili matangazo ambayo wakuu wangu huyaandika kwa Kiingereza. Tangazo nililopewa safari hii lina neno “run” mahali patatu: “buses run daily”, kisha “we have run out of tickets”, na mwisho abiria anayechelewa anaambiwa kwamba “runs the risk” ya kukosa kiti. Shuleni tulifundishwa kwamba “run” ni kukimbia. Neno moja linawezaje kubeba yote haya, na mimi nifanyeje ili niyajue? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ulichofundishwa shuleni ni sahihi, ila ni maana moja kati ya nyingi mno. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, katika mapitio yake ya mwaka 2011, iliorodhesha maana 645 za kitenzi “run” peke yake, bila kuhesabu nomino, na mhariri aliyekabidhiwa neno hilo, Peter Gilliver, alilifanyia kazi kwa takriban miezi 9. Usivunjike moyo kwa hesabu hiyo, kwa sababu hakuna Mwingereza aliyezikariri.

Tangu Kiingereza cha kale, neno hili halikuwa la miguu peke yake, kwani maji nayo yalisemwa hivyo hivyo. Ukilishika wazo hilo la kitu kinachokwenda mfululizo bila kuzuiwa, maana nyingi zinaanza kujipanga zenyewe. Mto “runs” kwa kuwa unatiririka. Pua ya mtoto mwenye mafua “runs” kwa kuwa kamasi zinamtoka. Na khanga mpya ikiloweshwa pamoja na shuka jeupe, kisha shuka likatoka na madoa mekundu, Mwingereza husema kwamba rangi “has run”, nasi tunasema kwamba khanga imetoa rangi. Zilipokuja mashine za mvuke na reli, injini na treni zikaingizwa katika neno hilo hilo, na kwa kuwa mashine huhitaji mtu wa kuiendesha, duka, shule na hatimaye serikali navyo vikawa vitu vya kuendeshwa. Programu ya kompyuta imefuata njia hiyo hiyo.

Wakati mwingine maana huiacha miguu kabisa. Katika mchezo wa kriketi, “run” hupatikana pale wapigaji wawili wanapokimbia na kubadilishana ncha za uwanja, lakini mpira ukipigwa ukavuka mpaka bila kugusa chini, timu hupewa “run” 6 ingawa hakuna aliyehitaji kukimbia.

Kuna sababu nyingine, na kwa mfasiri naiona kuwa ndiyo kubwa zaidi. Kiswahili hutengeneza maana mpya kwa kukinyambua kitenzi: kutoka “enda” tunapata endea, endesha, endelea na endeka, kutoka “kimbia” tunapata kimbilia, kimbiza na kimbizana, na kila kimoja huhesabiwa kuwa kitenzi chenye maana yake. Kiingereza hakina mnyambuliko wa namna hiyo, kwa hiyo hukiacha kitenzi kilivyo na kukiambatanisha na vijineno vidogo. “Run over” ni kumgonga mtu kwa gari, “run into” ni kukutana naye bila kutazamia, “run out of” ni kuishiwa. Atakayelitazama neno “run” na kukipuuza kijineno kinacholifuata atakosea kila mara, kwa sababu kijineno hicho hufanya kazi ambayo kwetu hufanywa na kiambishi.

Sisi wenyewe tunalo neno linalofanana nalo kwa tabia. Mgeni anayejifunza Kiswahili huambiwa kwamba “piga” ni kuchapa, kisha anatusikia tukipiga pasi, tukipiga simu, tukipiga kura, tukipiga magoti na kupiga mbizi. Hakuna aliyetukalisha chini akatufundisha orodha hiyo. Tuliyapokea mafungu hayo ya maneno yakiwa mazima. Fanya hivyo na “run”: katika daftari lako usiandike neno peke yake na tafsiri yake, bali andika sentensi nzima, uonyeshe ni nani au ni kitu gani kinachotenda na ni nini kinachofuata.

Kuhusu tangazo lako, ningeandika kwamba mabasi yanasafiri kila siku, kwamba tiketi zimekwisha, na kwamba abiria atakayechelewa anaweza kukosa kiti. Mbio hazimo hata mahali pamoja, na ndivyo inavyopasa. Kwenye siasa, Wamarekani husema “run for president” na Waingereza husema “stand”, yaani kusimama, ilhali Kiswahili kina “gombea”, na yule ambaye Wamarekani humwita “running mate” sisi tunamwita mgombea mwenza. Magazeti yanapoandika “mbio za urais” sina ugomvi nayo, kwa kuwa ni tamathali inayoeleweka, lakini “anakimbia kwa ajili ya urais” ni Kiingereza kilichovishwa maneno ya Kiswahili, nami naomba tusikizoee.

SWALI: Mwalimu wetu alitufundisha kwamba neno la Kiingereza lenye maana nyingi kuliko yote ni “set”. Je, alikosea? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Hakukosea kwa kamusi aliyoitegemea. Katika toleo la pili la kamusi hiyo ya Oxford, lililotoka mwaka 1989 katika mabuku 20, kitenzi “set” ndicho kilichoongoza, kikiwa na maana 430 kabla ya kuhesabu misemo yake. Mapitio mapya yalipoanza, “make” kikakipita mwaka 2000, “put” kikachukua nafasi hiyo mwaka 2007, na “run” mwaka 2011. Fahamu pia kwamba hesabu hizi hutegemea jinsi mhariri anavyozigawa maana. Maji ya mtoni na maji ya bombani yote “run”, na mhariri mmoja anaweza kuzihesabu kuwa maana mbili, mwingine akaziweka pamoja, ndiyo maana kamusi ndogo ya mwanafunzi hutoa maana chache tu kwa neno hilo hilo.