Vitabu vya ukoo, uhamisho na vita: visomwe viwili viwili

Assalaam alaykum. Dada yetu wa Malindi ameuliza mambo matatu: aanzie wapi akitaka vitabu vya ukoo, asili, maisha ya uhamishoni na watu walionusurika vita, kama vipo vya Kiswahili, na kama kuna anavyoweza kumpa binti yake wa miaka 15. Najibu kwa yale niliyoyasoma mwenyewe hapa Lamu, na ushauri wangu mkubwa nautanguliza: usivitafute kwa mafungu, huku vya ukoo na kule vya vita, kwa sababu vilivyo bora havigawanyiki hivyo. Tafuta viwili vinavyotazamana, kimoja cha aliyeshika nasaba na kimoja cha aliyekuwa ndani ya nyumba au aliyelazimika kuihama, uvisome pamoja.

Mimi ningeanza na Khabari za Pate, masimulizi ya kale ya kisiwa cha Pate, jirani na Lamu. Kwa nje ni orodha ya masultani wa Kinabahani, nani alimzaa nani na nani alimrithi nani, tangu kuja kwao kutoka Omani, jambo ambalo masimulizi yenyewe yanaliweka mwanzoni mwa karne ya 13 na ambalo wanahistoria wengi wana shaka nalo. Lakini khabari hizo zenyewe zimenusurika vita. Inasemekana kwamba hati ya asili iliangamia Witu, mji wa bara karibu na Lamu, mwaka wa 1890, Waingereza walipoushambulia mji huo, na kwamba sehemu kubwa ya tulicho nacho leo inatokana na masimulizi ya Bwana Kitini, mzee wa ukoo huo huo, aliyekuwa amezihifadhi kifuani. Ndiyo maana matoleo yake hayalingani. Mtafiti Marina Tolmacheva aliyakusanya katika kitabu kimoja mwaka wa 1993, na ukiyasoma sambamba utaona miaka na majina yakihitilafiana. Hilo halinikeri hata kidogo. Linalonikera ni kwamba unaweza kusoma kizazi baada ya kizazi bila kutajiwa jina la mama hata mmoja wa watu hao.

Kwa hiyo weka pembeni yake utendi wa Mwana Kupona wa mwaka wa 1858. Najua wengi tulifundishwa kwamba huo ni utendi wa adabu za mke kwa mumewe, tukaufunga hapo. Ukumbuke, hata hivyo, mtunzi alikuwa nani: mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, mji wa kisiwa hicho hicho cha Pate, mtu aliyempinga Sayyid Said, Sultani wa Unguja, kwa silaha kwa miaka mingi. Mwanamke huyu alikuwa mgonjwa, mume amekwisha kufa, na mji wake ulikuwa umeandamwa na majeshi ya mtawala mkubwa kuliko wao, naye akakaa akamtungia bintiye maneno ya kuishi nayo. Tangu nilipousoma nikiwa na vita vya Siyu akilini, sikuweza tena kuusoma kama somo la unyumba peke yake.

Na sasa vuka uende upande wa pili wa vita hivyo hivyo. Sayyida Salme, aliyezaliwa mwaka wa 1844, alikuwa binti wa Sayyid Said, yaani binti wa adui wa mume wa Mwana Kupona. Alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, na ujuzi huo ulimponza, kwani ndugu yake Barghash alipotaka kumpindua ndugu yao Majid, aliyekuwa Sultani, mwaka wa 1859, Salme ndiye aliyefanywa mwandishi wa barua za njama. Mwaka wa 1866 alitoroka Unguja, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, akahamia Hamburg, na mwaka wa 1870 akabaki mjane mwenye watoto watatu wadogo katika nchi isiyo yake. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka wa 1886. Mimi nilizisoma kwa Kiingereza. Baadhi ya kurasa zake, hasa anapoutetea utumwa, zinachukiza na hazina udhuru. Pamoja na hayo, tazama jinsi wanawake wawili wa pande zilizopigana walivyofanya jambo lile lile: wote wawili waliandika kwa ajili ya watoto wao.

Ukishapita hapo, mwandishi wa riwaya Abdulrazak Gurnah utamwelewa kwa wepesi. Alizaliwa Zanzibar mwaka wa 1948, akaondoka kwenda Uingereza akiwa kijana baada ya Mapinduzi, na mwaka wa 2021 akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Riwaya yake ya mwaka wa 1994 inapatikana kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, na inasimulia habari za mtoto anayetolewa na babake kwa mfanyabiashara kama malipo ya deni. Riwaya yake nyingine, Afterlives ya mwaka wa 2020, inaingia zaidi katika vita ambavyo Wajerumani walipigana huku Afrika Mashariki wakiwa na askari weusi. Humo yumo msichana anayevunjwa mkono kwa sababu tu amejua kuandika, nami nilipofika hapo nilimkumbuka Salme na mfupa wake.

Nje ya pwani yetu nakupa mmoja tu, Scholastique Mukasonga wa Rwanda, ambaye familia yake ilihamishiwa kwa nguvu Nyamata, huko huko Rwanda, naye akakimbilia Burundi mwaka wa 1973, na jamaa zake wengi wakauawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka wa 1994. Kitabu chake kuhusu mama yake, kilichotoka kwa Kifaransa mwaka wa 2008, na ambacho kwa Kiingereza kinaitwa The Barefoot Woman, kinazungumza zaidi juu ya mtama, posa na ujenzi wa nyumba kuliko juu ya mapanga. Vita vinamfikia msomaji kupitia vitu hivyo.

Pengo moja linaniuma. Wabajuni wa bara, kutoka Kiunga na vijiji vya jirani, walihama kwa wingi wakati wa vita vya Shifta, uasi wa kaskazini mashariki mwa Kenya, miaka ya 1960, wengi wakaja visiwani na wengine wakashuka hadi Malindi, na sijapata kushika riwaya ya Kiswahili inayowahusu. Shangazi zangu wanazo habari hizo. Naziandika daftarini kwa lahaja yao, bila kuzisanifisha, na wala siwauliziulizi miaka, maana ukiwauliza miaka wanabana maneno.

Kuhusu binti yako: mpe Mukasonga na Mwana Kupona sasa. Peponi isome pamoja naye, kwa kuwa baadhi ya mambo yanayomkuta yule mtoto yanahitaji mtu mzima karibu. Afterlives ingoje miaka miwili au mitatu. Kumbukumbu za Salme zisomeni pamoja pia, na mkifika kwenye habari za watumwa msiziruke.