Kusali Majilio haya wakati moyo umekauka

Dada yangu wa Chamwino, umeandika kwamba tangu mumeo aachishwe kazi huwezi kusali, na unaona aibu kuwasha mshumaa wa Majilio, majuma haya manne ya kungoja Krismasi, mbele ya watoto, kama vile unaigiza. Pole sana.

Usiache kuuwasha. Soma Mathayo 11: Yohana Mbatizaji, aliyemtangaza Masihi nyikani, yuko gerezani na anatuma wanafunzi wake wamuulize Yesu kama ndiye kweli, au wamngoje mwingine. Yesu hakumkemea. Alimjibu kwa yale yanayotendeka, vipofu wanaona, viwete wanatembea, kisha akamsifu mbele ya umati. Basi shaka yako mpelekee hivyo hivyo ilivyo. Ukikosa maneno, azima ya Zaburi ya 13. Ni fupi, na inauliza "hata lini" mara nne kabla ya kufika kwenye kutumaini.

Mimi mwaka niliomzika mama nilisali Baba Yetu tu, tena nikichambua mlenda jikoni, na mara nyingine nikifika kwenye riziki ya leo machozi yananikaba. Niliishia hapo, na niliona Mungu ametosheka nayo.

Halafu wewe ni mtu wa huku, unajua tunavyofukia mtama kwenye udongo mkavu kabla wingu halijaonekana; kusali moyo ukiwa mkavu ni hivyo hivyo. Jumapili baada ya ibada mweleze katekista, au mama mmoja unayemwamini, hali ya nyumbani, hata kama ni unga umeisha. Na watoto wapokezane kiberiti, kila Jumapili mmoja.