Jicho linalojifumba baada ya uso kupooza: upasuaji unafaa lini?

Dada wa Nachingwea, umeuliza kama shangazi yako, ambaye jicho lake hujifumba kila anapotafuna au kucheka tangu apone kupooza uso, anaweza kufanyiwa upasuaji. Upasuaji upo, lakini si hatua ya kwanza. Hali hiyo hutokea kwa sababu neva ya uso (mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso), inapoota upya, hupeleka baadhi ya nyuzi zake kwenye misuli isiyo yake, hata amri ya kutabasamu ikafika pia kwenye kope. Tiba huanza kwa mazoezi ya taratibu mbele ya kioo akisimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia (si kutafuna jojo kutwa, kama wengi wanavyoshauriana), pamoja na sindano za botoksi (dawa ya kulegeza misuli kwa muda), ambazo nguvu yake hudumu takriban miezi 3 hadi 4.

Hayo yasipotosha, daktari bingwa huweza kuyatafuta matawi madogo ya neva yanayovuta vibaya, akiyajaribu moja moja kwa umeme hafifu, kisha akayakata hayo tu na kuyaacha yanayoinua tabasamu. Pengine hukatwa msuli unaovuta pembe ya mdomo chini, ambao hujaribiwa kwanza kwa sindano ya ganzi ili mgonjwa ajionee kwenye kioo tofauti itakayopatikana. Ubaya wake ni kwamba jicho linaweza kushindwa kufumba vizuri, na mivuto huweza kurudi. Aanzie Hospitali ya Rufaa ya Sokoine, Lindi, aulizie rufaa ya kwenda Muhimbili.