Kiingereza cha kuzungumzia wenye nacho na wasio nacho

Kazi yangu ni ukalimani kwenye mikutano ya miradi ya maendeleo. Vijana wanaoingia kwenye kazi hii huniuliza wajifunze maneno gani ya Kiingereza ya kuzungumzia umaskini na pengo la kipato. Wengi wanakuwa wameshakariri orodha ndefu. Mimi huwaambia waanze kwingine: kabla ya kutafuta neno, jiulize anayezungumza anapima nini.

Chukua kipato na mali. "Income" ni kinachoingia: mshahara, faida ya genge, mauzo ya mahindi. "Wealth" ni ulichokwisha kujikusanyia ukitoa madeni: shamba, nyumba, mifugo. Mfugaji mwenye zizi limejaa anaweza kumaliza mwezi bila kushika noti, na mwalimu anayepokea mshahara kila mwezi akawa hana hata kiwanja. Ukiwaweka wote wawili kwenye neno moja, mgeni anaondoka na picha ya uongo ya kijiji, na huenda picha hiyo ndiyo itakayotumika kuamua kaya ipi iandikishwe kwenye mradi na ipi iachwe. Ndiyo maana silegezi kamba hapa, hata kijana akiniona msumbufu.

Vivyo hivyo umaskini na kutokuwa sawa. "Poverty" inahusu walio chini ya mstari fulani; "inequality" inahusu umbali kati ya watu. Nchi ambayo karibu kila mtu ni fukara inaweza kuwa na pengo dogo sana. Umbali huo mara nyingi hupimwa kwa kipimo cha Gini, kilichotokana na kazi ya Corrado Gini, mtakwimu wa Italia, mwaka 1912. Sifuri maana yake wote wanapata sawasawa. 1 maana yake mmoja kabeba chote. Ripoti nyingine huandika kuanzia 0 hadi 100, kwa hiyo ukisikia 0.63 au 63 kwa Afrika Kusini, mojawapo ya nchi zenye pengo kubwa kuliko zote duniani, usishtuke: ni kitu kimoja. Pengo likikua, Kiingereza husema "the gap widens", likipungua, "narrows". Halafu kuna "inequity", ambayo tayari ni hukumu kwamba tofauti hiyo si ya haki. Usiitumie kama msemaji hajahukumu.

Asilimia nazo zina mtego wake. Kwa takwimu za NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, Watanzania walio chini ya mstari wa mahitaji ya msingi walikuwa asilimia 28.2 mwaka 2011/12, wakashuka hadi 26.4 mwaka 2017/18. Kwa Kiingereza huko ni kushuka kwa "1.8 percentage points". Ukisema "1.8 percent", umesema ile 28.2 imepungua kwa asilimia 1.8 yake, yaani nusu pointi tu. Na usiishie kwenye wastani wa taifa: mwaka huohuo vijijini ilikuwa 31.3, mijini 15.8.

Kuhusu watu wenyewe, ripoti za siku hizi hupendelea "people living in poverty" au "low-income households" kuliko "the poor", nami naona ni vizuri, kwa sababu mtu anatajwa kwanza, hali yake baadaye. Walalahoi wetu, wanaochapa kazi kutwa na bado mfuko mtupu, wanakaribiana na "the working poor". Neno "vulnerable" ndilo linalonichosha. Linatupwa kila mahali bila kusema ni hatari gani inayowakabili watu hao: ukame, mafuriko, ugonjwa, au kufukuzwa kwenye ardhi? Msemaji asipotaja, muulize.

Lakini mama akisimama mkutanoni akasema, "Sisi maskini hatusikilizwi," tafsiri hivyohivyo: "We poor people are not listened to." Usimgeuze kuwa kaya yenye kipato cha chini. Lugha ya ripoti ni ya waandishi wa ripoti, na yeye kalichagua neno lake mbele ya majirani zake.

Kwa mazoezi, chukua jedwali moja la utafiti wa mapato na matumizi ya kaya, lieleze kwa sauti kwa Kiswahili kama unavyomweleza mjumbe wa mtaa, kisha rudia kwa Kiingereza bila kutazama karatasi. Utakapokwama, mara nyingi utagundua ni namba yenyewe ambayo hujaielewa.