Molaliti: usijaze maji hadi kwenye alama

Weka chini hiyo chupa ya kipimo kabla hujaharibu sukari yako. Umeandika kwamba unataka mmumunyo wa sukrosi, yaani sukari ya kawaida, wenye molaliti ya moli 1 kwa kilo (moli ni fungu maalumu la chembe, na moja ya sukrosi ina gramu 342.3) kwa ajili ya jaribio la kuganda, kwamba utapima gramu 171.15, uzitie katika chupa ya mililita 500 na kujaza maji hadi kwenye alama. Hesabu yako ni ya molariti, yaani moli kwa kila lita ya mmumunyo mzima. Nilifanya vivyo hivyo nikiwa mwaka wa mwisho chuoni, na wiki 3 za kazi zikapotea.

Molaliti huhesabu moli za kilichoyeyushwa kwa kila kilo ya kiyeyushi, yaani maji peke yake, wala si mmumunyo mzima. Sukari nayo hujitwalia nafasi ndani ya chupa, hivyo ukijaza hadi alama maji yatakayoingia ni takribani gramu 393 tu, na molaliti yako itafika karibu 1.27. Mimi nilitazamia mmumunyo ugande kwenye nyuzi -1.86 za Selsiasi, kama hesabu ya molaliti 1 inavyotoa, lakini kila siku zebaki ilishuka chini ya -2. Nililaumu kipimajoto, nikaazima kingine, nikalaumu barafu, nikamwaga mmumunyo na kuutengeneza upya mara 4, kila mara kwa uangalifu zaidi na kwa kosa lile lile, jicho langu likiwa sawasawa na mstari wa shingo ya chupa kama nilivyofunzwa.

Aliyenipoteza ni msimamizi wa maabara, ambaye karatasi yake ya maelekezo ilisema kwamba kwa mimumunyo ya maji vipimo hivi viwili ni kitu kimoja. Vinakaribiana pale tu mmumunyo unapokuwa hafifu sana, na sharti hilo hakuliandika. Anayefundisha hana haki ya kuacha nusu ya ukweli nje ya karatasi, kisha amkate mwanafunzi alama kwa kuiamini, na hadi leo jambo hilo linaniuma.

Molaliti hutengenezwa juu ya mizani, na maji hupimwa peke yake kabla hayajakutana na sukari. Zidisha molaliti kwa kilo za maji, kisha kwa gramu za moli moja ya sukrosi: 1 × 0.500 × 342.3 ni gramu 171.15, ambazo utaziyeyusha katika gramu 500 kamili za maji. Utapata mmumunyo wa gramu 671.15, na ndivyo unavyotakiwa kuwa. Lakini ukihitaji mmumunyo wote uwe gramu 500, kumbuka kwamba kilo ya maji pamoja na sukari yake ni gramu 1342.3, gawanya 500 kwa 1342.3, zidisha kwa 342.3, upate gramu 127.5 za sukari na gramu 372.5 za maji.

Ukishapima, niandikie hapa uzito wa maji uliyotumia, si ujazo wake.