Biti 24 au ubora wa CD? Niliyoyaona kwa miaka saba ya kununua na kupakua

Ndugu wa Tabora uliyeuliza jana, nimekuelewa hivi: albamu ya piano unayoitaka ilirekodiwa mwaka 1986 na inauzwa kwa namna tatu, yaani MP3, ubora wa CD (biti 16 kwa kilohezi 44.1), na biti 24 kwa kilohezi 192. Biti zinaonyesha kila kipimo cha sauti kimechukuliwa kwa undani gani, na kilohezi hapa ni vipimo elfu ngapi kwa sekunde. Hiyo ya mwisho bei yake inakaribia mara mbili ya MP3, nawe unataka kujua kama sauti nayo inapanda hivyo. Kwa albamu hiyo haipandi. Nunua ya CD.

Mimi nipo Kigoma, Mwanga, nafundisha kwaya ya parokia, na muziki wa klasiki nanunua kwa kupakua mwaka wa saba sasa. Albamu yangu ya kwanza ya kilohezi 192 ilikuwa piano kama hiyo yako, ya miaka ya 1980. Ilizidi GB 2. Niliipakua kwa bando la usiku, siku mbili, maana usiku wa kwanza umeme ulikatika ikiwa nusu. Nilipoisikiliza nikaamini kabisa kwamba nasikia mambo mapya. Wiki moja baadaye nikaifungua kwenye Audacity, ambayo ni programu ya bure, nikachagua spektogramu, ile picha inayopanga sauti kuanzia nzito chini hadi nyembamba juu. Kwenye picha hiyo kilohezi hupima wembamba wa sauti, na faili hubeba hadi nusu ya namba yake, yaani la 192 hufika 96. Rangi zilipanda mpaka kilohezi 22 hivi, zikakoma kwa mstari ulionyooka kama umepigwa kwa rula. Kutoka hapo hadi 96, weusi mtupu.

Mitambo mingi ya dijitali ya studio za miaka ile ilirekodi kwa biti 16 na kilohezi 44.1 au 48. Rekodi hiyo ikiuzwa leo kwa 192, zile namba za ziada zimewekwa na kompyuta baadaye. Ukiongeza maji kwenye mchuzi wa migebuka sufuria litajaa, lakini samaki ni wale wale. Nililiandikia duka, wakanijibu kwamba wameuza walichopewa na kampuni ya rekodi. Pesa haikurudi, na iliniuma, kwa sababu ingetosha albamu mbili za ubora wa CD.

Tepu za zamani, zisizo za dijitali, ni habari nyingine. Kati ya 1958 na 1965 kampuni ya rekodi ya Decca ilirekodi mjini Vienna opera nne za Wagner zinazofuatana, ziitwazo Ring, Georg Solti akiongoza okestra, na yote yaliingia kwenye tepu. Mwaka 2022 wakatoa nakala mpya waliyoichukua kwenye tepu zile zile kwa biti 24 na kilohezi 192. Hapo unalipia kazi ya kweli: mtu ameitafuta tepu ya asili na kuipiga upya kwa mashine nzuri. Hata ukiishusha kazi hiyo hadi ubora wa CD, uzuri wake mwingi unabaki.

Kuhusu masikio: CD inabeba sauti mpaka kilohezi 22.05, na sikio zima la kijana linaishia kama 20. Sisi tuliokula chumvi tunaishia chini ya hapo. Biti 16 zinatoa nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa. Chumbani kwangu mvua ikianza juu ya bati, piano ya taratibu yote imezama, sembuse sauti ndogo kuliko nafasi hiyo.

Lakini usinisadiki mimi, jipime. Chukua faili moja la kweli la 24/96 (biti 24, kilohezi 96), utengeneze mwenyewe nakala ya 16/44.1, yaani ya ubora wa CD, kutoka faili hilo hilo. Usilinganishe matoleo mawili ya dukani, kwa sababu huenda masta zake, yaani rekodi za mwisho za studio zilizonakiliwa, ni tofauti. Hakikisha ukubwa wa sauti unalingana kabisa. Iliyozidi hata kidogo tu, sikio litaipa ushindi. Mimi nilimkalisha mpwa wangu kwenye laptopu saa nane usiku, bodaboda zikiwa zimelala, nikampa mgongo, hedifoni ya waya masikioni. Yeye anabonyeza na kuandika kwenye daftari, mimi nafuata mlio wa mwisho wa piano unavyofifia ukumbini, kisha nataja ni faili lipi. Mara 20, nikapatia 11, na kubahatisha tu kungenipa 10 hivi. Tulipoweka MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, iliyobanwa sana, nilipatia 19. Herufi "s" za kwaya zilikuwa zinachanikachanika, hata mpwa wangu alizisikia.

Mwaka 2007 watafiti Meyer na Moran walichapisha jaribio la namna hiyo kwenye jarida la Audio Engineering Society, chama cha wahandisi wa sauti: majibu 554, sahihi 276. Mwaka 2016 mtafiti Joshua Reiss alikusanya majaribio 18 akapata majibu sahihi asilimia 52.3, wakati kubahatisha ni 50, na waliofundishwa kusikiliza walifanya vizuri zaidi. Tofauti ipo basi, ila ndogo sana, na mimi siwezi kuilipia mara mbili.

Ninacholipia ni ukumbi na maikrofoni. Kabla ya kununua, sikiliza kionjo, hata kama ni MP3. Besi kubwa inatoa noti, au inanguruma tu? Okestra nzima ikipiga kwa nguvu, sauti inafunguka au inagonga dari? Kwenye "Haleluya" ya Handel nasikiliza kama alto wanasikika kama watu au kama ukungu nyuma ya soprano. Rekodi nyingi huanguka hapo. Kisha soma kijitabu cha albamu kujua mwaka na mahali iliporekodiwa.

Umesema utasikilizia spika ya bluetooth. Bluetooth ya kawaida huibana sauti upya na kuipunguza kabla haijafika kwenye spika, kwa hiyo anza na waya. Simu nyingi za Android nazo hugeuza kila kitu kuwa kilohezi 48 usipotumia programu inayokwepa hilo.

Chukua FLAC ya ubora wa CD. FLAC hubana bila kutupa kitu, na saa moja ya muziki ni kama MB 300, piano huwa chini ya hapo. Ikishamaliza kushuka, iweke kwenye flashi mbili siku hiyo hiyo. Maduka mengine huondoa albamu, na ukirudi kuipakua tena huikuti.