Unataka kuwa ofisa wa mizinga? Hesabu kwanza, gwanda baadaye

Juzi dogo mmoja yupo form six kaniandikia inbox, "shikamoo afande, nifanyeje niwe ofisa wa mizinga JWTZ?" Nimefurahi mno, maana vijana wanaonitafuta karibu wote wanataka ukomando, mizinga hata hakuna anayeitaja. Nikaona nijibu hapa hapa na wengine wasome.

Mimi nimestaafu nikiwa mizinga na najivunia kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Nikiwa sekondari kuna mwalimu aliniambia mbele ya darasa zima, mtoto wa mkulima wa mahindi hata ukijua trigonometria utapimia nini, tuta? Darasa likacheka. Ile kauli inaniuma mpaka leo, na siku navalishwa nyota moja begani kwenye chuo cha maofisa Monduli nilimkumbuka yeye kabla hata ya mama yangu.

Njia yenyewe mnaijua, JKT, usaili, ukichaguliwa unaenda TMA, ndiyo hicho chuo cha Monduli, ukimaliza unatunukiwa kamisheni na Amiri Jeshi Mkuu unakuwa Luteni Usu. Kwata na mbio sizielezei, kila kuruta atakusimulia. Kazi inaanza ukishapangiwa mizinga.

Elewa kitu kimoja, mpiga mzinga mara nyingi hamuoni anayempiga. Mzinga kama D-30 wa milimita 122 unafika kama kilomita 15, sasa huko nani anaona? Ofisa yupo mbele kilimani na darubini, dira, ramani na redio, anatuma nyuma dondoo za ramani, yaani namba za mahali shabaha ilipo kwenye ramani, na kule wanapiga hesabu ya umbali, mwinuko, upepo, mpaka joto la baruti. Kombora la kwanza likipita shabaha unapunguza umbali, la pili likipungua unagawa nusu katikati, hivyo hivyo mpaka unaipata. Kusoma hapa ni rahisi. Sasa fanya usiku mvua inanyesha, umejifunika koti ili mwanga wa tochi usionekane, karatasi imelowa penseli haiandiki, na sajenti mwenye miaka mingi jeshini kasimama pembeni anasubiri namba yako. Sisi duara tunaligawa vipande 6000 au 6400 kutegemea aina ya mzinga, na ukikosea vipande 20 tu kwenye kilomita 10 umeenda pembeni kama mita 200, na hapo mita 200 pembeni wanaweza kuwa wamelala askari wetu wenyewe. Ndo maana nasema hesabu!

Vita vya Kagera 1978 na 1979 mizinga ilifanya kazi kubwa sana, ile BM-21 inayorusha roketi 40 ndani ya sekunde kama 20 watu waliibatiza Saba Saba, na wazee wa Kagera wakikuhadithia mlio wake wanashika masikio. Nyuma ya ule mlio kulikuwa na vijana wameinama kwenye ramani, hao hakuna anayewaimba.

Kwa hiyo dogo, kama unasoma PCM (fizikia, kemia, hesabu) au PGM (fizikia, jiografia, hesabu) kaza, fanya hesabu bila kikokotoo, zifanye ukiwa umechoka umetoka kukimbia, maana jeshini hakuna atakayekusubiri upumzike. Jiografia usiidharau. Ukifika kikosini msikilize sajenti, usijione bosi kwa sababu ya nyota. Na narudia tena, hesabu.

Halafu kuna matapeli wanauza nafasi za jeshi, anakwambia tuma hela nina mjomba makao makuu. Nafasi za jeshi haziuzwi, jeshi lenyewe linatangaza hilo kila mara, na bado wazazi wanauza ng'ombe! Inanikera kweli. Ukiombwa hela nenda polisi.

Likizo hii tafuta ramani ya eneo lenu ya 1:50,000, panda kilima chochote, kadiria umbali mpaka mnara wa simu au msikiti au kanisa, kisha upime kwenye ramani. Niandikie umekosea kwa mita ngapi.